Kalamu Chini ya Ndege za Vita

Katika kazi zote za kalamu sioni iliyo adhimu kuliko ya mwandishi wa gazeti anayesimama pale lilipoangukia bomu, hali moshi haujatawanyika na watu wangali katika fadhaa, akauliza limeanguka wapi, saa ngapi, limemdhuru nani, kisha akayaandika hayo kama yalivyo, asiyazidishe kwa hamaki wala kuyapunguza kwa hofu.

Sisi wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, mbali na mipaka ya nchi, tuna haki ya kuisifu kazi hiyo, maana bonde hili limepata kuishi bila yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipoitwaa Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, Oktoba 1917, gazeti la Kiongozi la Tanga lilikuwa limekwisha kukoma. Na mwezi uliofuata, chombo cha anga cha Wajerumani, L59, kilipoondoka Bulgaria na shehena ya risasi na dawa kwa ajili ya majeshi ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, kikapita Khartoum, kikaamriwa kurudi, kikatua kilikotoka baada ya saa 95, mpagazi wa vita vile alibaki na uvumi tu.

Vita na Uganda vilipozuka mwaka 1978, tulikuwa na reli ya TAZARA, na magazeti ya Uhuru na Mzalendo yakichapwa Dar es Salaam. Ndege za Idi Amin zilipoishambulia Bukoba, madhara yalikuwa machache ilhali taharuki ilikuwa kubwa, na hapo ndipo ustadi unapodhihirika, kupima hasara na hofu kila moja kwa mizani yake. Daraja la Kyaka lilizishinda ndege hizo hata likavunjwa kwa baruti. Mwaka 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, aina ya Tu-22, iliyokusudia matangi ya mafuta ya Mwanza, ilikosea shabaha, ikaua swala kisiwani Saanane. Na swala wale nao wastahili kuandikwa, kwani ndio ukweli wa siku ile. Lakini mtihani mzito kuliko yote ulikuwa Musoma, mizinga yetu ilipoziangusha kwa makosa ndege 3 za kwetu wenyewe, maana kuieleza hasara ya namna hiyo bila kuwasaliti wanaopigana wala kuwadanganya wanaosoma kwahitaji uadilifu ambao hakuna chuo kinachoweza kuukamilisha.

Aliye na magazeti ya miaka ile sandukuni, awe Ifakara, Mang'ula au Mlimba, namsihi asiyatupe. Ayapeleke maktabani, vijana wanaojifunza uandishi wayasome.