Tuzo ya skauti iko mikononi mwa anayepanga ratiba

Aliyepitia skauti Kenya, kutoka Sungura hadi Chipukizi na Mwamba, hatapotea akikutana na skauti wa Acocks Green, kusini-mashariki mwa Birmingham. Uingereza nayo imegawa watoto kwa rika: Beavers huanza na miaka 6, Cubs 8, Scouts 10 na nusu, Explorers 14. Kutoka rika moja kwenda jingine ni suala la umri. Kinachotafutwa kwa jasho ni tuzo ya Skauti Mkuu ya kila rika, ya shaba kwa Beavers, ya fedha kwa Cubs, ya dhahabu kwa Scouts. Hoja yangu ni kwamba tuzo hiyo huamuliwa na ratiba ya kiongozi kabla ya bidii ya mtoto.

Tuitazame ya dhahabu. Inadai beji 9 za changamoto na nyingine 6 za shughuli. Changamoto ya maisha ya nje peke yake inataka skauti alale nje ya nyumbani usiku 8, angalau 4 kati yake kambini. Sasa piga hesabu. Mtoto ana miaka mitatu na nusu katika rika hilo. Kikosi kikipiga kambi mara moja kwa mwaka, Ijumaa jioni hadi Jumapili, kinampa usiku 2. Hata kalenda ikimwangukia vizuri akapata kambi 4, anafika 8 bila hata usiku mmoja wa akiba. Homa ya wikiendi moja, au mzazi aliyekosa ada ya kambi, inatosha kumnyima tuzo mtoto aliyehudhuria kila wiki. Kikosi jirani chenye kambi mbili kwa mwaka kitawafikisha watoto wale wale bila presha.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa ratiba ndiyo inayowabeba watoto, basi beji zimekuwa za bure, na zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Ni kweli zamani kulikuwa na mitihani. Mwaka 1908 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliweka madaraja, na aliyetaka Daraja la Pili alitakiwa kwenda maili moja kwa dakika 12 na kuwasha moto wa kuni kwa njiti za kiberiti zisizozidi mbili. Lakini alitakiwa pia awe na peni 6 benki. Sharti hilo la mwisho lilipima mfuko wa baba kuliko moyo wa kijana, na mashabiki wa ule ugumu wa zamani hawalitaji. Madaraja hayo yaliondolewa katika mageuzi ya miaka ya 1960, na nadhani ilikuwa haki. Tena bidii haijafutwa: katika changamoto binafsi, skauti hujichagulia jambo moja na kiongozi humchagulia jingine. Kiongozi anayemjua mtoto wake atamtwika lile analolikwepa.

Hoja nzito zaidi hutoka Marekani, ambako kijana hupanda ngazi moja hadi cheo cha juu cha Eagle, kinachodai beji 21 za ustadi, kabla ya kutimiza miaka 18, na anatarajiwa kujisukuma mwenyewe. Mfumo huo hujenga uthubutu, sikatai. Ila humfaa zaidi mtoto mwenye mzazi wa kumfuatilia na gari la kumpeleka. Wa Uingereza hauhitaji tuzo ya rika lililopita. Asiyepata fedha akiwa Cub anaweza kupata dhahabu akiwa Scout. Anayeumia ni mtoto anayejiunga na miaka 13, maana usiku ni ule ule 8 na amebakiwa na mwaka mmoja. Kwake huyo, kambi ya pili ya mwaka, ikiwa na ruzuku kwa familia isiyo na uwezo, ina uzito kuliko jioni kumi za kufunga mafundo ukumbini.