Asistenti Anafundishwa na Nani?



Leo nasema jambo lenye litaudhi wengine. Kila mwaka tunasikia kama wanafunzi ni wavivu. Mimi naona shida inaanza juu zaidi: mwalimu mwenyewe hana wa kumlea.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa agronomia, kozi ya udongo tulifundishwa na asistenti kijana. Yeye anasoma silabusi, sisi tunaandika, saa inaisha. Kazi za vitendo zilipofika, hatukuchimba hata shimo moja nyuma ya darasa. Ukiuliza swali, anakasirika. Tukampa jina baya. Nilipomaliza masomo ndipo akanieleza: silabusi alipewa Ijumaa, Jumatatu akaingia darasani. Profesa mwenye kozi alikuwa mgeni toka mji mwingine. Alikuja wiki moja, akamaliza saa zake, akarudi. Hakuna siku mkubwa yeyote alikaa nyuma ya darasa kumsikiliza yule kijana. Niliona haya kwa lile jina tulimpa.

Na deni lake nalilipa mimi. Nilirudi nyumbani na lisansi, mama mmoja jirani akaniletea majani ya muhogo yamejikunja, yana madoa ya njano. Jina la ugonjwa nililijua: mozaiki. Hata inzi mweupe anayeusambaza nilimjua. Lakini mama aliponipeleka shambani nimchagulie miti ya kupanda msimu ujao, nilisimama kama mgeni. Sikuwahi kuonyeshwa.

Sasa angalieni hapa kwetu, pembeni ya Namoya. Kijana akianza kuchimba dhahabu, hashuki shimoni peke yake siku ya kwanza. Mzoefu anatangulia, anamwonyesha namna ya kufunga miti ili ukuta usianguke. Sisemi shimoni ni pazuri. Tumezika vijana wengi. Lakini PDG wa shimo, hata kama hana diploma, anajua kama mgeni akikosea watazikwa wote. Chuoni mgeni akikosea, wanaozikwa ni wanafunzi, na hakuna anayesikia kelele.

Mtaniambia: kila asistenti iko na profesa wake. Ndiyo, kwenye karatasi. Lakini kusahihisha kopi za profesa, kuuza silabusi zake na kubeba mkoba wake, huo ni utumishi, si malezi. Toka asistenti mpaka CT, toka CT mpaka profesa, tunahesabu miaka, machapisho na diploma. Kufundisha kwenyewe, nani anakupima?

Reforma ya LMD ilipoingia vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022, tuliambiwa mwanafunzi ndiye atakuwa katikati. Krediti zikaja, ratiba zikabadilika. Mwalimu mwenye alizoea kusomea watu silabusi akabaki vilevile, juu hakuna aliyekaa naye.

Wako wenye wanajaribu. RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika kwa mambo ya kilimo, wenye makao Makerere, Kampala, ulianzisha mwaka 2014 mpango wa kusomesha walimu vijana: chuo kinachopokea kinasamehe ada, chuo kinachotuma kinabeba safari na maisha. Naupenda, juu unamtoa mtu kwenye upweke. Lakini doktora peke yake haimfundishi mtu kusimama mbele ya watu. Hiyo inafundishwa nyumbani, na haihitaji ndege.

Kila asistenti mpya apewe mlezi mmoja wa chuo hichohicho. Kwanza yeye amtazame mkubwa akifundisha. Kisha mkubwa aje kumtazama, hata mara mbili kwa muhula, halafu wazungumze wawili tu, mlango umefungwa. Maprofesa ni wachache? CT mzoefu anatosha. Muda hakuna? Saa hiyo ihesabiwe kama saa ya kozi. Bila hivyo, kila promosheni itarithi makosa ya ile iliyotangulia na kuyaita uzoefu.

Juzi nimeulizwa kama nitakubali kuwa asistenti mwaka ujao. Habari ya kungoja mshahara naijua, sikuiuliza. Niliuliza neno moja tu: nani atakaa nyuma ya darasa langu?

Mpaka leo sijajibiwa.