Wosia wa Mwana Kupona na Wazazi wa Leo

Utenzi wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate pengine umepata kuusikia ukisomewa bibi harusi. Aliutunga mwaka 1858, naye mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Wengi huuchukua kuwa ni amri za kumtii mume tu. Mimi naona ubora wake uko mwanzoni kabisa: mama anamwita mtoto akae karibu naye, alete wino na karatasi. Hakumwachia mwalimu kazi hiyo.

Huku kwetu Lushoto mzazi humpeleka mwana chuoni, akadhani amemaliza. Alfajiri baba yuko njiani na matenga ya nyanya kwenda gulioni Soni. Usiku amerudi, amechoka, hana neno na mtoto. Mtoto akikosa adabu, alaumiwaye ni mwalimu, aliyekaa naye saa mbili! Je, aya ya 6 ya Suratut Tahrim, ituamrishayo kujikinga na Moto sisi na ahli zetu, iliteremshiwa walimu peke yao?

Lakini utenzi huu una upungufu: wasema na binti tu. Mwana wa kiume nani atamwusia? Sheikh Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki 1962, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Huyo ni baba! Tenzi hizo tatu zisomwe nyumbani pamoja, na baba awepo, mtoto angali na miaka kumi; siku ya harusi masikio yako kwenye ngoma.