Kijipaa na Somo la Wema: Ngano ya Unguja kwa Msikilizaji wa Ronge

Miongoni mwa hadithi za watoto zilizoandikwa kwa Kiswahili imo moja inayorudiwa kwa majina na wanyama mbalimbali. Mnyama mchanga huzaliwa na kasoro ya umbo: masikio makubwa mno, ngozi yenye mabaka, au mguu mmoja mfupi. Wenzake humcheka. Siku moja yule aliyemcheka kuliko wote hutumbukia shimoni, naye mdharauliwa humwokoa. Hapo kundi zima hukiri kwamba wema wapita sura. Hadithi ya namna hii hupendwa na walimu, wala si ajabu. Mtaala unaozingatia umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini nchini Kenya mwaka 2019, umetaja maadili ambayo mwanafunzi hana budi kuyapata, yakiwamo upendo, heshima na haki ya kijamii. Na kisa kifupi cha mnyama ni chombo chepesi cha kubebea maadili. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: katika kisa hicho, nani hasa anayefunzwa, na nani anayelipa gharama ya somo?

Swali lina uzito wake mahali kama Ronge, katika vilima vya Taita upande wa Mwatate. Mtoto wa huko husoma hadithi za wanyama kwa Kiswahili cha darasani, husikia Kidawida nyumbani, na huwajua wanyama wenyewe si kwa picha tu. Msitu wa Ronge u karibu naye, na chini ya vilima zimetanda nyika za Tsavo, iliyofanywa hifadhi mwaka 1948. Kwa hadhira kama hiyo mnyama wa hadithini hawezi kuwa pambo. Hana budi kuwa na maana inayostahimili kulinganishwa na mnyama wa kweli.

Hadithi ya mdharauliwa anayeokoa ina dosari ya asili. Mzigo wote wa wema umetwikwa yule aliyeonewa. Yeye ndiye anayetakiwa kusamehe, kujitosa hatarini na kuthibitisha kwamba anastahili kuwa pamoja na wenzake. Waliomcheka hawatakiwi kufanya lolote ila kufurahi mwishoni. Tena aghalabu sura yenyewe haishindwi. H. C. Andersen alipochapisha mwaka 1843 hadithi ya kifaranga cha bata chenye sura mbaya, hakusema kwamba sura si kitu. Kifaranga kilivumilia, kikakua, kikawa ndege mzuri kuliko wote waliokuwa majini. Kilicholipa uvumilivu wake ni uzuri, na msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba mwenye sura mbaya ni mzuri ambaye siku yake haijafika. Asiye na siku hiyo hana hadithi.

Fasihi simulizi ya Waswahili inayo ngano inayolikabili jambo hili kwa ukali zaidi, nayo ni ile ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Mwaka 1901 ilitokea tena mara mbili kwa Kiingereza: katika mkusanyiko wa George Bateman uliochapwa Chicago, ambamo mnyama ameachiwa jina lake la Kijipaa, na katika kitabu cha zambarau cha Andrew Lang. Maskini mmoja, baada ya kupoteza mali yake yote, huishi kwa kuchakura jalalani akitafuta punje za mtama kama afanyavyo kuku. Siku moja huokota thumni, na kwa thumni hiyo humnunua paa, huku watu wakimcheka kwamba asiyeweza kujilisha amejitafutia wa kumlisha. Paa huyo husema. Huomba ruhusa ya kwenda malishoni mchana na kurudi jioni, huokota almasi, huipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai, na kumposea bwana huyo binti wa sultani. Humwogesha maskini mtoni, huwaambia wakwe kwamba ameporwa na wanyang'anyi njiani, naye huvishwa nguo za kifalme na kuozwa. Kisha paa hutangulia kutafuta nyumba, huliua joka lenye vichwa saba, na kumkabidhi bwana wake jumba la joka pamoja na mali iliyomo. Baada ya hayo paa huugua. Bwana huamuru apikiwe uji wa mtama duni. Mke humlaumu mumewe na kujaribu kumtunza mgonjwa, lakini paa hufa kwa uchungu, na maiti yake hutupwa kisimani kwa amri ya bwana. Baba wa mke hupata habari, huja na watu wake, na kumzika kwa heshima. Usiku mmoja mke huota kwamba yuko kwa baba yake, akaamka yuko huko. Mume huota anachakura jalalani, akaamka anachakura.

Wahakiki wamezoea kuiweka ngano hii katika fungu la hadithi za utovu wa shukrani na kuishia hapo. Lakini utovu wa shukrani ni nusu tu ya jambo. Itazamwe kwanza njia ya mtama. Maskini alipomnunua paa alikuwa na punje za jalalani tu, akazigawa: zake na za paa. Huo ndio wema wa kwanza katika hadithi, nao umetendwa na mtu ambaye hakuna aliyemtazama mara mbili. Mwishoni mtama unarudi. Sasa yule aliyegawa chakula cha jalalani kwa usawa anao mchele na maziwa, na anachomgawia mgonjwa ni mtama usiofaa. Msimulizi hana haja ya kueleza. Nafaka moja imepimwa mara mbili kwa vipimo viwili. Umaskini haukumzuia mtu huyu kuwa mwema. Kilichomzuia ni kanzu.

Na kanzu hiyo alivishwa na nani? Hapa ndipo ngano inapomzidi Andersen. Paa mwenyewe ndiye fundi wa sura. Wema wake wote umepitia katika udanganyifu: jina la usultani ni la uongo, wanyang'anyi ni wa uongo, nguo ni za kuazima heshima, na jumba ni la joka. Paa aliamini kwamba akimpa bwana wake sura ya sultani, usultani utafuata. Alikuwa mwema kupita wote hadithini, lakini yeye pia alikuwa mwanafunzi wa sura. Anachojifunza kitandani pake pa mauti ni kwamba amefanikiwa kubadili kila kitu cha nje, na hakugusa cha ndani; bali huenda alikiharibu, maana mtu wa jalalani alikuwa bora kuliko sultani aliyeumbwa na paa. Kwa hivyo ngano hii inayo ile dhamira ya mnyama mdogo anayetambua kwamba wema wapita sura, ila utambuzi unakuja umechelewa, na haumwokoi.

Yawezekana kuisoma ngano kitabaka, na usomaji huo una nguvu. Paa ndiye afanyaye kazi yote. Bwana hula jasho la mwingine, na mtumishi asipoweza kufanya kazi hutupwa. Katika Unguja ya 1870, soko la watumwa lilipokuwa bado wazi (lilifungwa mwaka 1873), msikilizaji hakuhitaji kuambiwa mtumishi mgonjwa hufanywa nini. Hata hivyo usomaji huo peke yake hauelezi kwa nini mke, aliyezaliwa katika jumba la sultani, ndiye anayemtambua paa. Yeye hakupanda wala hakuvishwa. Hana wa kumficha. Mume, kinyume chake, akimtazama paa huliona jalala. Ndiyo sababu paa hana budi kutupwa kisimani, mahali pa kuzamisha ushahidi.

Mlinganisho na Ulaya hulifanya jambo hili kuwa wazi zaidi. Paka wa Charles Perrault, katika hadithi ya mwaka 1697, humfikisha kijana maskini kwenye ndoa ya kifalme kwa hila zilezile, na mwisho wake paka hupewa cheo. Sura imeshinda, na hakuna anayelalamika. Giambattista Basile wa Napoli, aliyetangulia katika karne hiyo hiyo, alikuwa na shaka zaidi: paka wake hujifanya amefariki ili kumjaribu bwana, husikia akiamriwa kutupwa dirishani, huinuka na kumlaani, kisha hujiendea zake. Msimulizi wa Unguja pekee ndiye aliyekataa kumnusuru mnyama. Kifo si cha kujaribia, ni kifo. Pana methali isemayo kwamba fadhila ya punda ni mateke, na katika methali hiyo mtu ndiye mfadhili na mnyama ndiye mkosefu. Ngano imeigeuza juu chini.

Jina la mnyama nalo lastahili kutazamwa. Steere alimtafsiri paa kwa neno la Kiingereza linalomtaja swala mwembamba wa nyikani, mnyama ambaye ushairi wa Kiarabu umemfanya kuwa kipimo cha uzuri wa mwanamke. Lakini paa wa Unguja ni mnyama mdogo wa vichakani, mwoga, asiye na umbo la kuimbiwa. Tafsiri ilimpa uzuri ambao Kiswahili hakikumpa, na hivyo ikapunguza makali ya hadithi. Msomaji wa London hawezi kulaumiwa. Mtu wa Ronge hana udhuru, kwa sababu swala wa tambarare na paa wa msituni anawajua wote wawili. Zaidi ya hayo, umbo la neno *kijipaa* lina hukumu ndani yake. Kiambishi cha udogo katika Kiswahili hupunguza na kudharau kwa pamoja, kama katika *kijitu*. Msimulizi akisema *kijipaa kilikwenda*, amemweka mnyama pamoja na vitu. Akisema *kijipaa alikwenda*, amemrudishia nafsi. Anayeihariri ngano kwa ajili ya darasa hufanya uamuzi huu katika kila sentensi, na mara nyingi huufanya kwa jicho la sarufi tu.

Yapo pia maandishi ya siku za karibu ambamo mnyama mchanga wa kweli amepewa kazi ya kufunza wema. Daphne Sheldrick aliandika mwaka 1966 juu ya mayatima wa Tsavo waliolelewa Voi. Baada ya kiboko mchanga kuokolewa Malindi Desemba 2004 na kupelekwa Mombasa, ambako aliandamana na kobe mzee wa Aldabra, kisa chake kilikuwa kitabu cha watoto kilichosomwa duniani kote. Ni maandishi yenye haki yake. Lakini kiboko yule hakujifunza kutojali sura. Alihitaji wa kulala ubavuni pake. Somo limetiwa na watazamaji. Nako Taita Taveta, ambako zaidi ya nusu ya ardhi imo ndani ya hifadhi za Tsavo na ndovu hutoka humo kuingia mashambani, ndama mpole wa kitabuni husomwa na mtoto ambaye huenda mahindi ya kwao yameliwa usiku uliopita. Mwandishi anayetaka aaminiwe na mtoto huyo hawezi kuanza kwa kumwambia kwamba wanyama ni wema.

Kijipaa haombi kuaminiwa hivyo. Yeye ni mtu aliyevaa ngozi ya paa, kama ilivyo desturi ya ngano, na msikilizaji wa vilimani hupewa nafasi ya kuuliza maswali ambayo hadithi ya mdharauliwa mwokozi huyazima. Je, paa alikosea kudanganya? Mke angeweza kufanya zaidi? Maskini aliporudi jalalani, je, alirudishiwa pia ule moyo wa kugawa punje? Hilo la mwisho ngano haikulijibu. Upendo na haki ya kijamii vyote vimo katika orodha ya mtaala, lakini hadithi za darasani hukimbilia la kwanza, kwa kuwa upendo waweza kudaiwa kwa mnyonge bila kumgusa mwenye nguvu. Anayeikata ngano kabla ya kisima, kwa kuwahurumia watoto, huwaachia paa mwerevu, harusi na jumba, yaani hadithi ya Perrault. Na kwa hiyo huwanyima uji wa mtama, ambao ndio uliobeba hukumu.