Mgeni Rigini: Kazi ya Kuchoronga Gesi Inavyompokea Kijana wa Kilwa

Kiranjeranje, wilayani Kilwa, iko kando ya barabara kuu ya Kusini, kati ya Nangurukuru na Lindi, na wengi wa watu wake wanakula jasho la shamba: ufuta, mihogo, korosho. Lakini habari ya kuchoronga si ngeni upande huu. Miaka ya 1950 BP na Shell walitoboa ardhi ya jirani, Mandawa, wakitafuta mafuta; wakakutana na matabaka manene ya chumvi. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ikagundua gesi kisiwani Songo Songo. Kuanzia 2010 meli za kuchoronga zikaingia bahari kuu na visima vikapewa majina ya nyumbani: Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani, Tangawizi, nusu viumbe wa baharini na nusu viungo.

Tangu hapo vijana wanauliza: kazi ya rigini ikoje? Barazani majibu ni mawili, pesa nyingi na bahari kali. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na hakuna hata moja linalomsaidia mtu siku ya kwanza. Ukiichambua kazi yenyewe hatua kwa hatua, unaona mgeni anapimwa zaidi kwa namna anavyopokea na kukabidhi zamu, na kwa ujasiri wake wa kusema "simama".

Kwanza tutenganishe aina za kazi, maana watu wanazichanganya. Songo Songo ni uzalishaji. Gesi inasafishwa kisiwani, inapita bomba la chini ya bahari la kilomita 25 hadi Somanga Funga, kisha inasafiri nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Imekuwa ikitoka tangu 2004. Vipo visima vya kisiwani na vipo vya baharini, ila wafanyakazi wanalala kisiwani, kwenye kambi. Rigi pale huja na kuondoka. Katika kampeni ya 2015 na 2016, kwa mfano, uliletwa mtambo wa Paragon M826 kukarabati visima vya baharini, vikiwamo ambavyo mabomba yake ya ndani yalikuwa yameliwa na kutu, na kuchoronga kisima kipya cha SS-12.

Bahari kuu ni habari nyingine kabisa. Kisima cha Zafarani, kilichotangazwa 2012 na Statoil, ambayo sasa inaitwa Equinor, kiko kwenye maji ya kina cha karibu mita 2,500. Kwenye kina hicho meli haitii nanga. Inakaa juu ya kisima kwa mapangaboi yanayoendeshwa na kompyuta, ambayo kila wakati inalinganisha mahali meli ilipo na mahali inapotakiwa kuwa. Chini, sakafuni mwa bahari, kuna rundo la vali kubwa za kufungia kisima kikigoma, na kati ya vali hizo na meli umening'inia mrija mrefu wa chuma. Meli ikipoteza nafasi yake, kuna dakika chache tu za kuuchomoa mrija kutoka kwenye vali hizo. Kibarua wa sitahani hashiki usukani wa mambo hayo, lakini ving'ora na amri anazozisikia vinatoka huko.

Lango la kuingilia ni cheti cha daktari na mafunzo ya kujiokoa. Daktari anaangalia presha, sukari, macho, masikio na uzito. Mafunzo yana moto, huduma ya kwanza, boti za kuokolea, na lile zoezi linalotisha kuliko yote: kutoka kwenye helikopta iliyozama. Mnafungwa mikanda ndani ya kibanda cha chuma, kinashushwa kwenye bwawa na kupinduliwa. Utaratibu ni huu: mkono mmoja unashika ukingo wa dirisha lako na hauachii, unasubiri mzunguko ukome, unasukuma dirisha mpaka lichomoke, ndipo unafungua mkanda na kujivuta nje kwa ule mkono usioachia. Jaketi okozi unalijaza upepo ukiwa umeshatoka.

Hapa ndipo mtoto wa pwani anapojikwaa. Anayejua kuogelea ana haraka ya kufungua mkanda kwanza, kwa sababu maisha yake yote amezoea kwamba mwili ukiwa huru utapanda juu. Ndani ya kibanda kilichopinduka, juu ni sakafu. Ukijifungua kabla ya kufungua dirisha unaelea kama kizibo, unapoteza mwelekeo, na dirisha ulilokaa nalo bega kwa bega sekunde kumi zilizopita hulioni tena. Asiyejua kuogelea, akiwa na woga wa kutosha, anafuata maelekezo neno kwa neno na anatoka salama.

Safari yenyewe huanzia kwenye kituo cha nchi kavu, na wakati wa kampeni kubwa za bahari kuu kituo hicho kilikuwa Mtwara: bandari kwa ajili ya mizigo, uwanja wa ndege kwa ajili ya watu. Unapimwa uzito wewe na begi lako. Kibiriti hakipandi, pombe haipandi, na dawa zako za hospitali unazitangaza. Ukitua unapewa maelezo ya usalama, namba ya kitanda na namba ya boti ya kuokolea. Ya boti ndiyo ya kukariri. Kwenye mitambo mingi mgeni huvaa helmeti ya rangi tofauti, aghalabu ya kijani, ili kila mtu ajue huyu bado ni wa kuangaliwa. Wengine huiona kama fedheha. Mimi naiona kama bima ya bure: ukiwa nayo, swali la kijinga halipo.

Usitarajie kugusa kisima. Mgeni asiye na ufundi mkononi anaanzia sitahani: kufagia, kupaka rangi, kuosha tope la kuchorongea, kupokea mizigo ya meli za ugavi. Winchi inaponyanyua kontena, wewe unashika kamba ya kuongozea, unasimama mbali na kivuli cha mzigo, na hujiviringishii kamba mkononi. Mzigo ukianza kuyumba unaiachia kamba. Hupigani nao. Mwili unataka kusukuma chuma kwa kiganja, kama wapakizi wa bandari ndogo wanavyofanya kila siku. Rigini tabia hiyo inakatiza vidole. Nyundo na spana za kazi za juu zinafungwa kamba, kwa sababu bisibisi iliyoanguka kutoka kwenye mnara haiulizi helmeti yako ni ya bei gani.

Halafu yako makaratasi. Kabla ya kuchomelea, kuingia kwenye tangi, kufungua bomba au kugusa umeme, lazima kiwepo kibali cha kazi kilichosainiwa. Kinaeleza kazi gani, wapi, nani anaifanya, kipi kimefungwa na nani ana ufunguo. Mgeni anayaona kama urasimu wa ofisi uliopotea njia ukafika baharini. Aangalie kilichotokea Piper Alpha.

Piper Alpha ilikuwa jukwaa la uzalishaji katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa mchana waliondoa vali ya usalama ya pampu moja kwenda kuikagua, na mahali pake wakaweka kifuniko cha chuma kisichokazwa sawasawa. Kazi haikuisha. Kibali cha pampu kilikuwepo, na kibali cha vali kilikuwepo, lakini vilikuwa karatasi mbili, na vibali vya kazi zilizosimamishwa havikuwa vikikaa kwenye chumba cha kuendeshea mitambo. Usiku pampu ya pili ikazimika. Wa zamu ya usiku wakatafuta kama ya kwanza inaweza kuwashwa. Wakaona kibali cha pampu, cha vali hawakukiona, wala hakuna aliyekuwa amewaambia kwa mdomo. Wakawasha. Gesi ikavuja kwenye kile kifuniko na ikalipuka. Watu 167 walikufa, wengi wao wakiwa wamekaa kwenye jengo la malazi wakisubiri helikopta ambazo moshi usingeziruhusu kutua. Uchunguzi wa jaji Lord Cullen, uliotoka 1990, ulitoa mapendekezo 106, na mengi ya yale ambayo kijana wetu anayalalamikia leo kama usumbufu yanatokana na usiku ule.

Kwa hiyo makabidhiano ya zamu si salamu. Unamweleza mwenzako nini kimeisha, nini kimesimama nusu, na nini usingependa aguse. Ukiona ameshika kikombe cha chai na macho yake yako mlangoni, rudia.

Kusimamisha kazi ni jambo gumu zaidi kwetu, na sababu yake ni malezi. Sheria ya rigini inampa kila mtu haki ya kusimamisha kazi akiona hatari, hata mfagiaji aliyefika jana. Lakini kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kungoja aulizwe anaona vigumu kumwambia mtu wa makamo, msimamizi wa winchi, kwamba mnyororo wake umejikunja. Ananyamaza kwa adabu. Wasimamizi wazuri wanalijua hilo na kwenye kikao cha kabla ya kazi humwita mgeni kwa jina: wewe unaona nini? Lugha nayo inachangia. Kiingereza cha rigini ni kifupi na cha makelele, chenye lafudhi za pande zote za dunia. Ishara za mkono za winchi zifahamike kama sala.

Maisha ya kawaida ni saa kumi na mbili kazini, saa kumi na mbili nje ya kazi, kila siku bila Jumapili, kwa wiki kadhaa mfululizo. Nne kazini na nne nyumbani ni mpango wa kawaida. Chumba mnagawana, mara nyingi na mtu wa zamu nyingine, kwa hiyo mnaonana mlangoni. Chakula ni kingi. Mwislamu aulize mapema kuhusu nyama, na ajue kwamba meli inayojishikilia kwa mapangaboi hugeuza pua kufuata upepo na mkondo, hivyo kibla ya adhuhuri inaweza isiwe ya alasiri. Dira ya mfukoni inafaa. Ramadhani iongelewe na mganga wa mtambo kabla ya kuanza. Jua la sitahani na ovaroli nzito humkausha mtu upesi. Wakati wa kusi mawimbi husimamisha winchi na upepo mkali au ukungu huahirisha helikopta, na siku ya kurudi nyumbani inasogea. Hata nchi kavu haina dhamana: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga.

Sasa nani anaipata kazi hii? Rigi huja na watu wake. Wachorongaji wakuu wametoka nayo mtambo hadi mtambo, na kampeni ikiisha wanaondoka wote. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni za ushiriki wa wazawa za 2017 zinazitaka kampuni kuwapa Watanzania kipaumbele na kuwa na mipango ya kuwarithisha nafasi, chini ya usimamizi wa PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli. Lakini sheria haiwezi kumrithisha mtu nafasi kwenye meli ambayo haipo. Zilizobaki muda mrefu ni kazi za pembeni: uchomeleaji, umeme, udereva wa winchi, ufungaji wa mizigo, upishi, ulinzi. VETA za Lindi na Mtwara ziliwahi kufundisha ufundi huo kwa viwango vya kampuni za gesi, kwa ushirikiano na shirika la kujitolea la VSO.

Ushauri wangu kwa wa Kiranjeranje ni wa mfukoni. Cheti cha kujiokoa baharini ni ghali na huisha baada ya miaka minne. Ukikinunua leo kwa mauzo ya ufuta huku hakuna mtambo unaoajiri, kitaozea kabatini, na kwa kawaida aliyekwisha kukuajiri ndiye anayekilipia. Cheti cha uchomeleaji wa mabomba kitakulisha Lindi, Mtwara na Dar es Salaam hata kama hakuna meli inayokuja. Anza na hicho, na Kiingereza cha kazini.