Hadithi iliyokatika: kitabu si televisheni

Wandugu, wengi wetu tulimwona Jon Snow akifa kwenye televisheni. Sezoni ya tano ya Game of Thrones iliisha Juni 2015, kijana amelala kwenye theluji, wenzake wamemchoma visu. Mwaka uliofuata akafufuka. Mambo yakaendelea mpaka 2019, seri ikafungwa.

Na kitabu je? George R. R. Martin aliandika visu vile katika A Dance with Dragons, kilichotoka 2011. Kitabu cha kufuata hakijatoka mpaka leo. Msomaji bado amesimama palepale kwenye theluji.

Televisheni ikikatia hadithi patamu, inafanya biashara yenye tarehe: wachezaji wanalipwa, watarudi kazini. Tena huku Bafwasende hata tarehe yenyewe haituhusu. Sezoni nzima inafika toka Kisangani kwa pikipiki, iko ndani ya flashi. Epizodi inakatika mtu kawekewa bastola kichwani, unabonyeza, unaendelea. Kinachotutesa ni mafuta ya jenereta. (Juzi ilizimika katikati ya busu. Hiyo haikuandikwa na mtu.)

Kitabu sivyo. Kinakuja kimoja, jalada limepotea, na cha pili pengine kiko kwa mtu fulani Bunia. Ukimkatia msomaji wa namna hiyo njiani, umemwachia deni asilojua alidai wapi.

Ndiyo maana namsifu Elvis Musiba wa Tanzania. Willy Gamba wake, toka Kufa na Kupona ya 1974, anarudi kitabu kwa kitabu. Katika Kikosi cha Kisasi anatumwa mpaka Kinshasa kwetu. Kila kazi inaishia humo humo. Unaanza na chochote ulichookota, na ukikimaliza unatafuta kingine juu ya Gamba mwenyewe. Kweli, hofu inapungua, maana unajua hatakufa. Nakubali. Lakini hata Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, mwenye kukatia kila usiku, kesho yake alikuwa hapo kuendelea.

Basi ninyi wenye kuandika riwaya kwa vipande WhatsApp, nina neno na mmoja wenu. Ulimwacha binti ndani ya mtumbwi katikati ya mto Lindi toka Pasaka, maji yanaingia. Ndugu yangu, mtoe.