Tumboni mwa Kuku Mna Habari

Usiku wa kuamkia sikukuu, katika ua wa nyumba ya Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kuku aliyechaguliwa hufunikwa tenga peke yake. Maji anapewa, pumba hapewi. Mgeni anaweza kudhani ni ukatili. Mfugaji anajua kwamba saa nane hadi kumi na mbili bila chakula huliacha gole tupu na utumbo mwembamba, na utumbo wa namna hiyo haupasuki ovyo ukaichafua nyama. Kazi ya kuchinja imekwisha kuanza, na kisu bado hakijatoka jikoni.

Kinama ilihamwa na wakazi wake wakati wa vita vya miaka ya 1990, wakarudi, wakajenga upya. Leo nyumba zimebanana, na nafasi ya kufuga ni ndogo: kuku watano, kumi, ishirini kwa mwenye bidii. Kufuga kwa kiasi hicho ndiko kunakostahili sifa hapa, kwa sababu ndiko kunakomlazimisha mtu ajue kuanza na kumaliza.

Kisu hunolewa faraghani. Uislamu, ambao katika jiji hili una mizizi yake Buyenzi, mtaa wa zamani wa Waswahili, unaagiza makali yawe makali kwelikweli na unakataza kukinoa mbele ya macho ya mnyama. Mwenye nyumba Mkristo anayetarajia wageni Waislamu humpeleka kuku kwa jirani anayeweza kumchinja kwa namna watakayoikubali wote. Kuku anaelekezwa kibla, jina la Mungu linatajwa, na kwa mkato mmoja hukatika njia ya hewa, njia ya chakula na mishipa miwili mikubwa ya damu. Kisha anashikwa, hatupwi chini, mpaka atulie.

Jambo hili si dogo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Tanzania, ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka kuwa mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Anayebisha hodi kwa jirani akiwa na kuku kwapani analinda amani kwa njia ambayo hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kuishinda.

Baadaye ni zamu ya maji. Sufuria iko juu ya imbabura, kama Warundi wanavyoliita jiko la makaa, na fundi wa kazi hii hasubiri maji yachemke. Joto linalotakiwa ni nyuzi 60 hadi 65 hivi, wakati mvuke umekuwa mzito na viputo vidogo vimeanza kung'ang'ania ukingoni. Maji yakitokota, ngozi inaiva na kuchunika pamoja na manyoya. Yakipoa, manyoya yanagoma. Kuku anazamishwa, anageuzwa, unyoya mkubwa wa bawa unavutwa. Ukitoka bila ubishi, kazi ya kunyonyoa inaanza mara moja. Malaika yanayobaki yanababuliwa kwa moto.

Lakini ufundi wenyewe uko tumboni. Gole linatolewa kwanza kupitia shingoni. Kisha ngozi ya chini ya kidari inachanwa kidogo tu, mkono unaingia, unafuata ubavu, unarudi na kila kitu kwa pamoja. Nyongo haipasuki. Ikipasuka, ini limeharibika, na uchungu unaweza kuifikia nyama.

Hapo ndipo mfugaji anapopata kitu asichoweza kukinunua popote. Ini la kuku mzima wa afya lina rangi ya hudhurungi iliyoiva na kingo nyembamba. Likiwa na vidoa vyeupe, au likigeuka rangi ya shaba yenye ukijani, linamwambia kwamba ugonjwa umo bandani hata kama kuku walionekana wachangamfu. Vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vikiwa na damu, anajua ni koksidiosisi, na kwamba randa za sakafuni zimelowa muda mrefu. Minyoo inaonekana kwa macho. Firigisi ikipasuliwa, kokoto zimo, na pengine uzi wa nailoni au kipande cha mfuko uliookotwa uani. Kuku huyu hasaidiki tena. Waliobaki chini ya paa wanasaidika, leo hii, kwa dawa, kwa randa kavu, kwa ufagio.

Wachinjaji wa kazi wana haki yao. Katika masoko ya Kisutu na Shekilango jijini Dar es Salaam, wapo wanaochinja na kusafisha kuku kwa kasi isiyowezekana nyumbani, na pipa lenye vidole vya mpira linanyonyoa kuku kwa chini ya dakika moja. Mwenye kuku 200 wa nyama waliofikia uzito katika wiki ya sita wote kwa pamoja asijitese na sufuria moja. Kila siku ya kuchelewa ni chakula cha ziada. Na kuku wanaokufa ghafla hawachinjwi popote. Uganda ilipothibitisha mafua ya ndege Januari 2017 kandokando ya Ziwa Victoria, ilikumbusha ukanda mzima kwamba kuna vifo vya kuitiwa daktari wa mifugo kabla mtu hajagusa hata unyoya.

Hasara ya kuwapeleka kuku kwa mchinjaji ni moja, nayo ni kubwa: matumbo yanaishia kwenye ndoo ya mchinjaji, habari zake zimo humo humo, na mfugaji anarudi nyumbani na nyama safi asijue banda lake linaumwa nini.

Basi, anayepeleka kuku wake kwa mchinjaji aende na beseni lake. Asimame palepale, aombe ini na matumbo ya kuku watatu wa kwanza, ayatazame kwa mwanga wa jua kabla ya kulipa.